Mashine ya Mayai ya Mama Mkwe

Jumanne, 1 Julai

Mashine imekamilika. Naandika tena ili nisome vizuri nikizeeka: mashine imekamilika! Boksi la mbao, sponji pembeni, balbu ya kutoa joto, feni iliyotoka kwenye kompyuta mbovu, sensa ya kupima joto, na katikati ya yote bodi ndogo isiyofika hata ukubwa wa kiberiti. Hiyo bodi ndiyo ubongo. Joto likishuka, inaamuru balbu iwake. Likipanda, inaamuru izimike. Kila amri inasikika: tak. Nimekaa mbele yake jioni nzima nasikiliza tak. Sikutaka hata redio.

Hafsa, mke wangu, karudi leo kutoka kwao Kang'ata, kikapu mapajani njia nzima. Ndani yake dazeni ya mayai ya kuchi wa mama yake, wale kuku wa shingo na miguu mirefu. Si mayai ya mchezo. Ugonjwa wa kideri umefagia banda lote la Bi Mwanaidi, mbegu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Akabaki mtetea mmoja na jogoo mzee. Mtetea akataga haya, kisha kicheche akamchukua. Yakipotea haya, kuchi wa ukoo ule basi. Bi Mwanaidi alitaka kuazima kuku wa jirani aatamie. Nilimbembeleza kwenye simu wiki nzima mpaka akakubali. Tangu nioe, ni mara ya kwanza mama mkwe kukubaliana na mimi kwa lolote.

Fransisko alikuja kuchungulia. Huyu ni fundi umeme, Msambaa wa Lutindi, kibanda chake kinatazamana na changu cha kutengeneza simu, hapa Masuguru, Korogwe. Naye ana boksi la kutotolesha: balbu na kidude cha chuma kinachojikunja kikipata joto. Basi. Halina kioo cha namba, halina bodi, halijui hata leo ni siku gani. Akauliza kwa nini sensa iko chini kwenye tundu la hewa wakati mayai yako juu. Nikamjibu kwamba waya ulifika pale. Akauliza kama nimeijaribu siku kadhaa na chupa za maji kabla ya kuweka mayai. Nikamwambia mimi sitotoleshi chupa. Akacheka mpaka akashika mlango. Wivu mtupu.

Mayai yameingia. Bismillahi.

Alhamisi, 3 Julai

Mashine inafanya kazi vizuri mno. Tatizo la kitu kinachofanya kazi vizuri ni kwamba fundi anakosa la kufanya. Kwa hiyo nimeiongezea meseji. Nimeipachika laini ya simu, na kila asubuhi itamwandikia Bi Mwanaidi: MAYAI SALAMA. JOTO SAWA. MKWEO MUSTAPHA MDOE. Hafsa akanikumbusha mama yake hasomi. Nikamwambia atasomewa na Twaha, mwenye duka anakochajia simu. Hafsa akauliza mayai yatapata faida gani. Wanawake hawaoni mbali.

Mhandisi makini hujaribu pia meseji ya hatari. Nikaandika ya majaribio, MAYAI YAMEKUFA YOTE, iende kwenye namba yangu mwenyewe. Nikabonyeza. Simu yangu kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza mara nyingine kadhaa kwa hasira. Nimehitimisha kwamba mtandao ni mbovu. Nikala ugali kwa dagaa, nimeridhika.

Ijumaa, 4 Julai

Mtandao ni mzima.

Meseji zilifika zote. Twaha alizisoma moja moja, kwa sauti, dukani, mbele ya watu. Bi Mwanaidi akakaa chini pale pale. Wanawake wakaja kumpa pole. Asubuhi kapanda gari la kwanza, na nilipotoka kuswali Ijumaa nikamkuta ndiyo anashuka, na mkeka, kanga zake na chetezo cha ubani. Nilichutama kando ya njia nikamwamkia. Akaitika bila kunitazama, kama inavyotakiwa, lakini kutotazama kwa leo kulikuwa na uzito wake.

Akaenda moja kwa moja chumba cha mashine. Akagusisha kila yai shavuni. Akasema yako hai. Kisha akatandika mkeka wake chini. Hafsa akaja uani kuniarifu kwamba mama atalala humo mpaka mayai yatotolewe. Nikasema karibu sana, nyumba ni yake. Nikarudi kibandani nikipiga mluzi, na nusu njia mluzi ukakatika.

Chumba anacholala mama mkwe, mkwe hakanyagi. Hata kwa dakika moja, hata nyumba iwe inaungua. Mashine yangu iko ndani. Mimi niko nje!

Jumapili, 6 Julai

Nimepata ufumbuzi. Mhandisi hashindwi na mlango. Nimepitisha waya mrefu dirishani. Mimi nakaa nje juu ya ndoo, mgongo kwenye dirisha, kompyuta mapajani, nabadilisha programu kutoka huko huko. Kutazama ndani ni aibu, kwa hiyo Hafsa ananisomea namba za kwenye kioo. Namuuliza Hafsa, Hafsa anamuuliza mama, mama anamjibu Hafsa, Hafsa ananijibu mimi. Inakwenda vizuri sana.

Nimeitumia siku nzima kuboresha. Kila nikiingiza programu mpya mashine inaanza upya, balbu inazimika kidogo, inafikiri, inawaka. Nimeboresha mara nyingi. Bi Mwanaidi akaulizia, kupitia kwa Hafsa, kama mashine ilikuwa nzima mimi natengeneza nini. Nikajibu, kupitia kwa Hafsa, kwamba naboresha.

Fransisko alipita akitoka kanisani, suti na Biblia. Akaniuliza kama nimefungiwa nje. Nikaendelea kuboresha.

Alasiri mama na Hafsa walitoka na kikapu kwenda kununua nyanya. Wamekaa sana. Wamerudi na kikapu, nyanya hakuna. Labda zimepanda bei. Mama mkwe ameonekana mwenye amani tangu arudi. Amekula vizuri. Maboresho yangu yanaanza kueleweka.

Alhamisi, 10 Julai

Hitilafu!

Magharibi niko kwenye ndoo. Hafsa anasoma namba: thelathini na nane. Arobaini. Arobaini na mbili. Tak, balbu ikazimika. Sawasawa kabisa, ndivyo nilivyoifundisha. Lakini Hafsa akasema mama ameingiza mkono, mayai ni ya baridi. Nikamwambia arudie. Akarudia: kioo kinasema moto, mkono wa mama unasema baridi. Nikamweleza taratibu kwamba mashine inapima, mkono unakisia.

Hali hiyo iliendelea mpaka baada ya isha, kisha ikaacha yenyewe, kama haikuwepo. Nimejiridhisha kwamba ni umeme wa mtaa. Harufu ya ubani ikanijia dirishani nikiwa nafikiri. Bi Mwanaidi hakosi kufukiza usiku wa kuamkia Ijumaa. Harufu nzuri. Ilinituliza sana kichwa.

Ijumaa, 11 Julai

Leo nimefanya kazi ya kiume. Nimebadilisha chaja inayolisha bodi. Nimebadilisha ile swichi inayolia tak. Nimeandika upya nusu ya programu. Vyote asubuhi moja, Hafsa akinipitishia vitu dirishani kama nesi.

Hafsa akauliza, nikibadilisha vitatu kwa pamoja na ugonjwa ukapona, nitajuaje kipi kilikuwa kinaumwa. Nikamwambia mgonjwa akipona hatafuti ni kidonge kipi. Akaenda jikoni. Maharage ya leo yalikuwa na chumvi nyingi.

Jumatatu, 14 Julai

Imepona! Siku zote hizi hakuna hitilafu hata moja. Ilikuwa swichi. Au chaja. Au programu. Nimewatangazia wateja wote waliokuja kutengenezewa simu, na mmoja aliyekuja kuuliza njia ya stendi.

Fransisko akataka kujua ilikuwa nini. Nikamjibu kwamba ni suala la kina. Akanishauri niweke kipimajoto cha kioo pembeni ya mayai, nilinganishe na sensa yangu, niache kubahatisha. Nikamwambia sikutengeneza mashine ya kisasa ili nikaazime kipimajoto cha zahanati. Fransisko ni mtu wa kukatisha tamaa. Sijui mkewe anaishije naye.

Nilimwagiza Hafsa ayamulike mayai kwa tochi, aone kama kuna mishipa ndani. Jibu likarudi dirishani: mama anasema nisiwe na wasiwasi, mayai yako mahali pazuri. Sikujua mama mkwe ana imani na mimi kiasi hicho. Nimefurahi mpaka nimemnunulia kanga.

Alhamisi, 17 Julai

Niko kwenye ndoo, magharibi. Namba zinapanda tena. Thelathini na tisa. Harufu ya ubani. Arobaini na moja. Harufu imezidi. Arobaini na tatu. Nikasimama ghafla, ndoo ikabingirika.

Nikamuuliza Hafsa chetezo kiko wapi. Chini ya meza. Meza ya mashine? Ndiyo. Karibu na tundu la hewa? Kwenye tundu kabisa, mama anataka moshi uyapitie mayai, yasipatwe na kijicho. Subhanallah! Sensa yangu imekaa juu ya makaa ya mama mkwe! Inadhani dunia inaungua, inazima balbu, na huko juu mayai yanapoa. Nimegundua! Mimi, peke yangu, mgongo ukiwa umegeuka! Nimekwenda kumwambia Fransisko kuwa nimegundua, na sikumwambia nini.

Hafsa akasema ni rahisi, atasogeza chetezo kona ya pili, mama hatajali. Nikakataa katakata. Kwanza itaonekana mkwe kamtuma mke kumkosoa mama yake. Pili, jambo la kihandisi halitatuliwi kwa kusogeza vitu. Nimeandika mstari mmoja wa programu: kila Alhamisi ikifika magharibi, usiisikilize sensa, acha balbu iwake. Mstari mfupi, mzuri, wenye adabu. Nikaenda msikitini na moyo mweupe.

Ijumaa, 18 Julai

Mstari wangu ulikuwa na mwanzo. Haukuwa na mwisho. Balbu imewaka mpaka asubuhi.

Hafsa kaja uani alfajiri. Anasema mama kalala vizuri mno, baridi ya Julai hakuisikia kabisa. Anasema boksi linanukia mayai ya kuchemsha. Nikamuuliza hali ya mayai. Akatazama chini.

“Ya kwenye mashine yameiva,” alisema.

Alitaka kuongeza neno, mama yake akakohoa ndani, akanyamaza. Nikakaa juu ya ndoo. Sikufungua kibanda. Nilimfikiria Bi Mwanaidi akirudi Kang'ata kwenye banda tupu, na jogoo mmoja mzee asiye na wa kumwamsha. Mbegu ya marehemu, imepita kideri, imepita kicheche, imekuja kuishia kwangu. Nimelia kidogo. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 19 Julai

Mtu mwingine angekiri. Mimi nimepata mpango.

Nimekwenda Handeni kutafuta vifaranga wa kuchi. Nitawapata, Jumanne alfajiri, siku ya mayai kutotolewa, Hafsa atawaingiza kwenye mashine, mama mkwe ataamka akute wanalia. Hakuna atakayeumia. Hafsa sijamwambia bado sehemu yake.

Muuzaji wa kwanza, kijana anaitwa Jacob, alinionyesha vifaranga akawavuta shingo ili waonekane warefu. Alipowaachia, shingo zikarudi. Wa pili alikuwa na bata. Mwisho nikaangukia kwa mama mmoja mtu mzima, Mashavu, anayeuza kuku na chakula cha kuku. Akanieleza wazi kwamba tangu kideri kipite, kuchi wa asili Handeni hawapatikani. Ila kuna mtu kampigia simu juzi kuulizia chakula cha vifaranga wa kuchi. Ana dazeni ya mayai yanayokaribia kutotolewa. Nikamwomba, kwa heshima zote, aniambie mtu huyo yuko wapi. Korogwe, akasema. Fundi umeme fulani, Msambaa.

Nilikuwa nimeagiza chai. Sikuimaliza.

Jumapili, 20 Julai

Nilimngoja Fransisko nje ya nyumba yake mpaka akarudi kutoka kanisani. Nimejishusha kama sijawahi kujishusha. Nikamweleza yote: makaa, mstari, harufu ya mayai ya kuchemsha. Nikamwomba anigawie vifaranga wake. Nikamwahidi mita yangu nzuri ya kupimia umeme, ile ambayo amekuwa akiitamani tangu mwaka juzi.

Akakataa. Akasema ni mali ya mtu, ameachiwa atunze, na ameapa kutosema ya nani. Nikamuuliza ni mtu gani huyo asiye na huruma. Akasema ana huruma kuliko ninavyodhani. Akanikaribisha chai, akanimiminia mwenyewe. Leo hakucheka hata mara moja, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Akaanza kusema kwamba mashine yangu kwa kweli si mbaya, ingetakiwa tu sensa ipande juu na... Nikaaga. Siku ya msiba hufundishwi.

Jumanne, 22 Julai

Nimeamka kabla ya adhana kuandaa maneno ya kukiri. Yalikuwa mazuri. Yalianza na hali ya umeme mtaani, yakapita kwenye hali ya hewa, yakafika kwangu mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini. Nikaketi juu ya ndoo, mgongo dirishani, nikakohoa ili kuanza.

Nikasikia vifaranga.

Si ndani. Wanatokea barabarani. Bi Mwanaidi anaingia uani na kikapu, Hafsa nyuma yake, na nyuma yao Fransisko amebeba gunia dogo la chakula. Nikachutama. Mama mkwe akasimama kando, uso ameugeuzia mgombani, kanga yangu mpya kichwani. Akaweka kikapu chini kati yetu na kufunua kitambaa. Kuchi! Miguu mirefu tayari, wananitazama kama wananidai samahani.

“Baba, usiwe mnyonge,” alisema. “Mashine yako ilikuwa bado inajifunza, na ilikuwa inajifunzia kwenye mayai yangu. Nikaipa ya dukani ijifunzie. Yangu niliyapeleka kwa Fransisko tangu ile Jumapili.”

Nikamuuliza, kwa adabu, kwa nini hawakunieleza.

“Ningekueleza ungeacha. Na mtu amekaa juu ya ndoo wiki mbili anahangaikia kuku wangu, mgongo amegeuza, hajachungulia hata mara moja. Nilitaka kuona utafika wapi.”

Nilicheka. Kisha nikaona macho yananiuma, nikasema ni moshi wa jikoni. Mayai mawili hayakutotolewa, mengine yote wazima. Mbegu ya marehemu imo kikapuni, inapiga kelele. Sijawahi kusikia kelele nzuri namna ile, hata tak haifikii. Hafsa kapika pilau. Nimekula barazani na Fransisko, sinia moja, na nimemsogezea mfupa mkubwa mwenyewe. Mama mkwe ametuachia vifaranga wawili, jike na dume kama Mungu akijalia. Amesema kupitia kwa Hafsa kwamba kwa mkwe hana la kulalamika.

Jumatano, 23 Julai

Bi Mwanaidi karudi Kang'ata na kuku wake. Chumba kimefunguka. Nimeingia, nikaketi mbele ya mashine, nikaisikiliza. Tak. Tulikuwa tumekumbukana.

Hafsa anasema funzo liko wazi. Nakubaliana naye kabisa, funzo liko wazi, ingawa yeye alianza kutaja sensa, na kipimajoto, na kubadilisha kitu kimoja kimoja, nikaona hajaliona.

Nimetafakari tangu asubuhi. Mtu wa juu juu atasema mashine ilishindwa. Lakini iliwekewa mayai gani? Ya dukani, ya kuku ambao maisha yao yote hawajaonana na jogoo. Na nani aliiambia? Hakuna. Mimi mwenyewe sikujua! Bado ikayakataa. Kwanza ikayakataa kwa baridi, yalipong'ang'ania ikayakataa kwa moto. Boksi la Fransisko lingekaa linayapasha joto bila kujua kitu mpaka mwaka mpya.

Mchana nimechukua rangi nikaandika kwenye kifuniko: MDOE, MASHINE YA KUTAMBUA MAYAI YASIYO NA MBEGU. Nimemtuma Hafsa dukani alete mengine ya uthibitisho. Ameniangalia kwa muda mrefu, akachukua kikapu. Sensa nimeiacha pale pale chini, sitaki kuharibu kitu kilichokaa sawa.

Katika dazeni nzima halikutotolewa hata yai moja. Sijawahi kutengeneza chombo kikafanya kazi bila kukosea namna hii.